Kioo cha Mteja

Tulimwita Madam, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake lilikuwa juu ya mlango, limechorwa kwa rangi ya buluu na fundi aliyekosea herufi moja, naye Madam akakataa lirekebishwe kwa sababu wateja walikuwa wameshalizoea. Mambo ya alizaliwa wapi, na babu yake alikuja Kibera na kikosi gani, nawaachia wazee wa Makina, mtaa wao huko Kibera. Wao wanayajua, na ukiwapa kahawa hawatanyamaza. Mimi ninamjua kutoka upande wa kushoto tu, maana ndiko meza yangu ilikokuwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja Kawangware, katika chumba cha mabati karibu na soko, tukiwachapia watu barua.

Kila asubuhi alitoka Makina kwa miguu, akavuka Ngong Road, akafika Kawangware na raba zilizojaa matope. Viatu vya ofisini, vyeusi vya kisigino, vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki mkononi. Akifika anaketi kwenye benchi la nje, anapangusa miguu, anavaa visigino, ndipo anafungua kufuli. Sikuwahi kumwona akifungua kufuli na raba. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua na wateja wenyewe wanakuja na gambuti.

"Binti wa Kakamega," akasema, "mtu analeta shida yake kwangu. Akinikuta na matope atadhani yangu ni kubwa kuliko yake."

Nilicheka, maana nilikuwa mchanga na kila kitu kilinichekesha. Siku hizi nikifika kazini najikuta natazama viatu vyangu kabla ya kutoa ufunguo.

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Wanjiku, mchapaji mwenzetu aliyekaa Gatina, akimwambia mteja "keti kwa hii kiti," Madam alikuwa anakohoa. "Kiti hiki," anasema bila kuinua macho. Mimi alinikoholea mpaka nikadhani ana kifua. Lakini ungemsikia akikasirika. Kuna jamaa alijaribu kutoka na stepla yetu ndani ya koti, na Madam akamrukia kutoka nyuma ya meza: "We msee! Rudisha hiyo kitu haraka, usinizoee!" Jamaa akarudisha. Wanjiku naye akakohoa. Tulicheka mpaka Madam mwenyewe akalazimika kukaa chini.

Hakuwa mtu wa mambo yanayolingana. Mwezi wa Ramadhani alifunga, na bado alitupikia chai saa nne kama kawaida, akiikoroga sukari kwa kukisia, halafu anatuuliza kama imekolea. Alichukia umbea, lakini habari ya mtaa ikikupita ulienda kumwuliza yeye. Alitufundisha subira, na uji ukimshinda kwa moto anaulaumu uji. La ajabu kuliko yote ni mambo yake ya kuona na kutoona. Alikuwa na vitambaa viwili vya kufuma, vile ambavyo watu hufunikia televisheni. Kimoja kilikuwa cha wanafunzi. Ukija kujifunza kuchapa, alifunika mikono yako pamoja na vitufe vyote, ukabaki unapapasa huku chini.

"Vidole vina macho," alikuwa anasema. "Wewe unavizibia njia."

Nililia chini ya kitambaa hicho, sitakuficha. Wiki nzima niliandika "Dear Sri". Lakini siku vidole vilipofunguka macho, niliona raha ambayo sijui niifananishe na nini, labda siku ya kwanza mtoto anapoendesha baiskeli bila kushikwa.

Kitambaa cha pili kilifunika kioo cha mteja, yaani kioo cha pili cha kompyuta kilichomwelekea yeye, na hapo alikuwa kinyume kabisa. Mwanafunzi asione kitu, mteja aone yote. Mteja akiketi, Madam aliinuka na visigino vyake, akazunguka meza, akakifunua kile kioo kama mtu anayefungua pazia la sebuleni, akarudi kwenye kiti chake. Kama kioo hakikuwaka, hakuchapa. Hata mteja awe na haraka kiasi gani, hata mstari wa watu ufike nje, Madam alikunja mikono akangoja.

Lazima nieleze kioo hicho kilitoka wapi.

Siku za taipureta hapakuwa na shida. Mteja alikaa kando, karatasi ikapanda mstari kwa mstari, naye anaiona. Kompyuta ilipokuja, kioo kikamgeukia mchapaji, na mteja akabaki anatazama mgongo wa mashine, mahali pa vumbi na nyaya. Sisi wengine hatukuona neno. Madam naye hakuona neno, mpaka alipokuja soja, mlinzi wa nyumba moja ya Lavington, mzee mpole aliyesumbuliwa na mguu. Alitaka barua kwa tajiri wake. Alisema, "Mwambie mguu unaniuma, lakini nitakuja tu." Madam, ambaye alijivunia Kiingereza chake cha ofisi za mjini, akampigia barua nzuri sana. Ilisema kwamba hali yake ya afya haimruhusu kutekeleza majukumu yake ipasavyo. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Tajiri naye akaisoma, akamwonea huruma, akamwachisha kazi.

Mzee alirudi kwetu bila hasira hata kidogo. Alikuja kutaka barua nyingine, ya kuomba kazi. Nadhani angekuja na matusi Madam angelala vizuri zaidi.

"Ile 'nitakuja tu' yake niliitupa," Madam aliniambia mzee alipoondoka. "Nilimpiga pasi."

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: usipige pasi maneno ya mtu. Nguo ukiizidishia pasi inaungua. Akaanza kuchapa Kiswahili kwanza, vile mtu alivyosema, na Kiingereza chini yake kwa ajili ya tajiri. Na akataka mwenye barua aone inavyoandikwa, ili akikosa neno lake aulize liko wapi. Alijaribu kuigeuza mashine iwe upande upande, katikati yake na mteja. Ndani ya wiki moja shingo ilikataa kurudi mahali pake, akawa anasalimia watu kwa bega.

Ndipo akaja Okoth. Huyu alikuwa mpangaji kwenye ploti ya familia yao Makina, kijana wa kampasi, mrefu, mwenye maneno mengi, na mfukoni alikuwa na diski ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kama watu wengine wanavyotembea na picha ya mpenzi. Alisikia habari za shingo, akaenda kuulizia kwenye ofisi zilizokuwa zinatupa vitu vya zamani, akarudi amebeba kioo kizee cha rangi moja, herufi za machungwa juu ya weusi, na kadi ya kukiendesha. Akaviunga na mashine yetu. Kila kilichochapwa kwenye kioo cha Madam kikawa kinatokea na kwa mteja.

"Madam," Okoth akamweleza, "kwa hii Linux kuna mtu mmoja anaitwa root. Huyo ndiye landlord. Akisema ukuta ubomolewe, unabomolewa. Sisi wengine wote ni matenant tu."

"Basi huyo root ni mimi," akasema Madam.

"Ni wewe, lakini usiingie hivyo kila siku. Ni hatari."

"Okoth, kwetu Makina mimi ni nani?"

"Landlord."

"Na kodi unamlipa nani?"

Okoth akarudi kwenye nyaya zake, na Madam akaingia kama root kuanzia siku hiyo hadi siku ya mwisho.

Mteja wa kwanza kukitumia kioo ipasavyo alikuwa shosho mmoja, bibi mzee wa huko Kabiria ambaye hakujua kusoma. Wanjiku alisema ni kupoteza stima kumwashia. Shosho alikuwa anamwandikia mwanawe wa kiume aliyekuwa Mombasa, na alieleza kwa kirefu: mbuzi, paa la nyumba, mke wa jirani, mbuzi tena. Madam alichapa, akafupisha kidogo habari za mbuzi. Shosho akakitazama kioo, akamtazama Madam, akakitazama tena.

"Mimi naongea mingi," akasema. "Na hii naandika kidogo. Ile ingine imeenda wapi?"

Madam hakukohoa kwa Kiswahili hicho. Alifuta yote akaanza upya, na mbuzi wote wakaingia. Tangu siku hiyo maneno ya shosho yakawa maneno ya nyumba. Ukimaliza barua kabla hujamaliza chai, Madam anakuuliza kutoka kwenye meza yake, "Na ile ingine imeenda wapi?"

Sasa, tatizo lilikuwa stima. Kawangware ya miaka hiyo stima ilikwenda na kurudi ilivyotaka, na mashine ikizimika ilisahau kwamba ina kioo cha pili. Ikirudi inaamka na kioo kimoja tu, cha kwetu. Cha mteja kinabaki cheusi mpaka mtu aandike maneno fulani ya kuikumbusha. Okoth alimfundisha Madam maneno yale, naye akayahifadhi kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyohifadhi sura fupi. Stima ikirudi unamsikia anayasoma kwa sauti huku vidole vinakimbia, herufi moja moja, nukta, mkwaju ule mstari wa kulala upande, mpaka kioo cha pili kinalia *tk* na kupata joto. Sikuyaelewa, lakini ningeyatambua popote.

Baadaye akachoka kuyarudia, akamwomba Okoth ayaweke mahali mashine itayasoma yenyewe. Okoth alikuwa anakimbilia mtihani, akayaweka upesi akaondoka. Na kweli, stima ikirudi Madam anaingia, na kabla hajaegemea kiti kioo cha mteja kimewaka. Tukafurahi. Tukasema sasa mashine ina akili.

Macho yake yalianza kuharibika pole pole, na alitudanganya muda mrefu. Alisema balbu ni hafifu. Alisema wino wa siku hizi umepaushwa. Kwa kuwa vidole vyake havikuhitaji macho, kazi yake haikuonyesha kitu, ila alianza kuwauliza wateja, "Hapo kwako panasomekaje?" nasi tukadhani ni heshima tu. Mwishowe alikwenda hospitali, wakamlaza kwa ajili ya jicho moja, akatuachia chumba mimi na Wanjiku.

Kwenye mashine hiyo Wanjiku aliingia kwa jina lake, mimi kwa jina langu. Kioo cha mteja hakikuwaka. Tulikipiga kofi ubavuni, tukavuta waya tukarudisha, Wanjiku akasema kimekufa, kilikuwa kizee. Tukaendelea na kazi. Na unajua kilichoniuma? Hakuna mteja aliyelalamika. Waliketi pale, wakakitazama kioo cheusi mara moja, halafu wakaanza kutazama mikono yao. Walisema shida zao kwa kifupi, kama watu wanaoogopa kutusumbua, na tulimaliza watu wengi kuliko kawaida. Wanjiku aliona ni maendeleo, na kusema kweli ungetutazama kwa nje ungekubaliana naye.

Madam alirudi na pamba kwenye jicho. Hakuuliza habari za kazi. Alivaa visigino vyake kwenye benchi, akaingia, akaenda moja kwa moja hadi kile kioo, akainua kitambaa na kuweka kiganja juu yake.

"Baridi," akasema. "Kimelala tangu lini?"

"Tangu uende, Madam," nikamjibu. "Kilikufa."

Aliketi kwenye mashine, akaniambia nitoke kwenye jina langu. Akaingia kwa lake. *Tk.* Kioo kikawaka, kistari cha machungwa kikaanza kupepesa kule kwa mteja kama hakuna kilichotokea.

Wanjiku akapiga kelele ya furaha. Nami nikacheka. Madam pia alicheka mwanzoni, halafu kicheko kikamkauka usoni nikamwona anaweka mkono kwenye pamba ya jicho.

"Kwa hivyo kinanijua mimi tu," akasema.

Hapo ndipo alipotuambia. Daktari alikuwa amesema jicho hilo halitarudi, na la pili linalifuata. Kabla mwaka haujaisha hatakuwa wa kuja Kawangware. Alisema bila kulia, kwa sauti ile ya kumwambia mwanafunzi aondoe kiwiko mezani. Aliyelia ni mimi.

"Wacha machozi, nisikilize. Mimi nikiondoka, kioo hiki kitakaa kimelala. Na nyinyi hamtakiamsha."

"Tutakiamsha, Madam!"

"Hamtakiamsha. Si kwa ubaya. Siku ya kwanza mtasahau, ya pili kutakuwa na watu wengi, ya tatu mtaona barua zinakwenda haraka. Mmeshaona, au hamjaona?"

Wanjiku alichezea kalamu.

"Mambo ya kungoja mtu akumbuke ndiyo haya," akasema. "Nataka kiamke chenyewe. Awe ameingia mtu, asiwe ameingia mtu."

Akampelekea Okoth ujumbe kupitia watu wa ploti, naye akaja Jumamosi. Alikuwa ameshamaliza masomo, amepata kazi mjini na alikuwa anahama Makina mwisho wa mwezi. Alipoelezwa alijishika kichwa.

"Ah! Hii ni makosa yangu. Niliweka kwa nyumba ya landlord."

"Sema vizuri," akasema Madam.

"Ni hivi. Kila mtu kwa hii mashine ako na room yake. Kwa kila room kuna karatasi ndogo kwa mlango: ukiingia, fanya hivi na hivi. Mimi niliweka maneno kwa mlango wako, sababu ni wewe ulikuwa unaingia kila siku. Sasa Wanjiku akiingia kwake, hiyo karatasi haisomwi. Na hata isomwe, yeye ni tenant, hana ruhusa. Ilikuwa niweke kwa geti."

"Geti lipo?"

"Iko. Mashine ikiamka inapita hapo kwanza, kabla haijauliza mtu yeyote jina. Wenyewe wanaiita rc.local. Chenye kimeandikwa hapo kinafanywa, landlord awe ndani ama awe amesafiri."

Madam alitikisa kichwa kukubali. Mtu aliyekulia kwenye ploti hahitaji kuelezwa geti mara mbili.

Okoth alivuta kiti aandike, lakini Madam akamzuia kwa mkono. "Wewe unahama. Ataandika huyu anayebaki." Akaniketisha mimi. Alisimama nyuma yangu, na kile kitambaa cha wanafunzi akakitupa juu ya mikono yangu, nadhani kwa mazoea, au kwa utani, sikujua. Kisha akayasoma maneno yale kwa moyo, herufi moja moja, nukta, mkwaju, na mimi nikayaandika gizani chini ya kitambaa. Okoth alikuwa anasoma kwenye kioo. Hakupata kosa, nikajisikia mrefu.

Tukaiambia mashine izime na iwake tena. Ikazima kwa adabu, ikaamka kwa adabu, na kabla haijauliza jina, *tk*, kioo cha mteja kikawaka. Okoth akapiga makofi.

"Bado," Madam akasema. "Stima haizimi hivyo. Stima haibishi hodi."

Akapapasa ukutani mpaka akapata plagi, akaing'oa.

"Madam!" Okoth alipiga ukelele kama mtu aliyeona mtoto anaangushwa. Tangu siku ya kwanza alikuwa ametuonya tusifanye hivyo, kwamba mambo ya ndani yanaweza kuvurugika na barua za watu zikapotea. Vioo vyote viwili vilikuwa vyeusi. Madam alisimama na waya mkononi, jicho moja likiwa na pamba, visigino vimepangwa pamoja, na ninakiri kwamba kwa dakika hiyo nilimwogopa.

"Ikipotea ipotee mbele yangu," akasema. "Nisije nikaambiwa." Akarudisha plagi.

Mashine iliamka vibaya. Iliandika mistari mingi ya malalamiko, ikaanza kujikagua, polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Okoth alikuwa anauma kucha. Nje mwuza sukuma wiki alikuwa anabishana na mtu, na Wanjiku akatoka kumwambia anyamaze, ingawa kelele zake hazikuhusiana na mashine hata kidogo. Mistari ikaendelea. Madam alikuwa ameenda kukaa kwenye kiti cha mteja. Sikuwahi kumwona akikaa hapo. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kile kioo cheusi, karibu sana, na mikono yake ameiweka mapajani kama wateja wetu wanavyoiweka.

*Tk.*

Rangi ya machungwa ikamwangukia usoni. Mashine ilikuwa bado haijauliza jina la mtu.

"Nani ameingia?" akauliza.

"Hakuna mtu, Madam," nikasema.

"Hakuna?"

"Hakuna. Kimeamka chenyewe."

Alikaa pale kwa muda akiota ile rangi, halafu akainuka akamwambia Okoth sasa anaweza kuhama.

Alikuja kazini miezi michache zaidi, kisha akawa haji. Wanjiku aliolewa akaenda Kinangop. Nilibaki na chumba, na mchapaji mpya ambaye hakuwahi kumwona Madam, msichana mwenye haraka, asiyejua kwamba kuna wakati kioo cha mteja hulala. Kwake kilikuwa kitu kinachowaka tu, kama balbu. Kwa sababu kiliwaka, mteja alikitazama, na kwa sababu mteja alikitazama, msichana hakuweza kumkatia maneno. Nilimsikia mara nyingi akivuta pumzi ya uchovu na kuandika upya. Nilikuwa nataka sana Madam amsikie.

Makina nilikwenda kumwona Jumapili kadhaa. Watu wa kwao walimtunza vizuri, na kutunzwa kulimchosha. Walimkatia nyama, walimwekea kijiko mkononi, walimwambia "kaa tu, Mama." Alinishika mkono kila nilipoaga na hakuuachia upesi, na kurudi nyumbani kwangu, nyuma ya mtaa wa Ayany, nilikuwa natembea bila kuona njia vizuri.

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha alipotokea tena Kawangware. Ilikuwa mchana, na stima ilikuwa imekwenda tangu asubuhi. Tulikuwa tumekaa mlangoni. Nikamwona anakuja, ameshikwa mkono na jirani yake wa Makina, raba zimejaa matope, mfuko wa plastiki mkononi. Sikumsaidia. Aliketi kwenye benchi, akapangusa miguu kwa kupapasa, akavaa visigino, akavuta gauni, akasimama.

"Karibu, Madam," nikasema, nikampeleka kwenye meza yake.

"La. Leo mimi ni mteja. Kiti kile."

Nikamkalisha kwenye kiti cha mteja. Akaniambia ana barua ya kuandika, lakini atangoja stima, hana haraka. Yule msichana mpya alinong'ona kwamba mama haoni, tungeweza kumwandikia kwa mkono tu. Madam alikohoa.

Tulikaa tukinywa chai. Stima iliporudi, mashine ililalamika, ikajikagua, na sote tukaweka vikombe chini bila kuambizana. *Tk.* Akageuza uso kuelekea joto lile.

"Umeingia?" akaniuliza.

"Bado."

Akatabasamu. "Haya, ingia. Andika."

Barua ilikuwa ya kuomba kazi, na aliyeandikiwa ni mimi. Alinitaja kwa jina langu lote, kwa heshima, kama hanijui. Alisema yeye ni mama mtu mzima, mkazi wa Makina. Alisema amechoka kuambiwa akae tu. Alisema haoni, haoni kabisa, hata mwanga wa dirishani umekwenda. Alisema anaomba kufundisha watu kuchapa, kwa kuwa hilo hakuwahi kulifundisha kwa macho. Alisema njia ya kutoka Makina ni ndefu na anaiogopa, hasa pale pa kuvuka Ngong Road. Kisha akasema, "Lakini nitakuja tu."

Nilichapa yote. Ilipofika pale pa "haoni kabisa" vidole vyangu vilisita, nilitaka kuandika neno la upole zaidi, na sijui alijuaje. Labda alisikia vitufe vimenyamaza.

"Usinipige pasi, binti."

Nikaandika haoni kabisa. Nikaandika habari za Ngong Road. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye vitufe, na ilikuwa bahati kwamba mwalimu wangu alinifundisha kuchapa bila kuona.

Alipomaliza alinyoosha mkono akagusa kioo chake, akakipapasa kutoka juu kwenda chini, polepole.

"Nimeongea mingi," akasema. "Ile ingine haijaenda mahali?"

"Haijaenda mahali, Madam. Iko yote."

Kwenye meza ya pembeni yule msichana alikuwa ameanza kugonga taipureta ya zamani, herufi moja moja.

"Basi itoe kwenye karatasi, niweke kidole badala ya sahihi. Halafu ulete kile kitambaa. Huyu msichana wako anatazama vitufe, namsikia."